Mnataka mwekezaji hadi gerezani?

Juzi hapa Mwanza, kwenye daladala ya Nyegezi, tulipofika Butimba kwenye gereza, jamaa mmoja akatoa hukumu: "Magereza nayo wangempa mwekezaji, mngeona mabadiliko." Nusu ya gari ikaitikia, na konda ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Jamani. Choo cha stendi moja hapa jijini kina mzabuni. Wa kupokea mia tatu mlangoni hakosekani hata usiku wa manane. Ukiingia ndani, pipa tupu na kopo limefungwa kamba lisiibiwe. Ndiyo huyo mnataka kumpa watu awafungie?

City Water, kampuni binafsi iliyopewa maji ya Dar, ilianza 2003, mwaka 2005 mkataba ukavunjwa. Lakini maji yakikatika unapiga kelele, unabeba ndoo unakwenda ziwani. Mfungwa atahamia gereza gani?

Gharama kubwa ya gereza ni mishahara, kwa hiyo anayetafuta faida ataanza na askari. Kule Idaho, Marekani, kampuni binafsi ya magereza, CCA, iliendesha gereza la jimbo ambalo wafungwa walipigana hadi likapachikwa jina la shule ya mapigano. Mwaka 2013 kampuni yenyewe ikakiri kwamba watumishi wake waliandika karibu saa 4,800 za zamu ambazo hakuna askari aliyesimama. Askari hewa! Sisi tuliowatimua watumishi hewa 2016 tuwaagize tena kutoka nje, kwa dola? Mwaka 2014 jimbo likalichukua gereza lake. Gereza la Birmingham, Uingereza, ni hivyohivyo: kampuni ya ulinzi ya G4S walikabidhiwa 2011, vurugu kubwa zikazuka Desemba 2016, na 2018 serikali ikabidi iingie kati.

Kama Ulaya ni mbali, kuna mfungwa Thabo Bester. Mei 2022 ilitangazwa amekufa kwa moto selini, gereza la Mangaung, Afrika Kusini, lililokuwa chini ya G4S hao hao. Marehemu akaja kukamatwa Arusha, Aprili 2023! Baadhi ya waliokuwa watumishi wa pale wakapandishwa kizimbani.

Haya, nakubali kwa shingo upande: yapo magereza binafsi yanayoendeshwa vizuri, na ya kwetu yamejaa. Lakini yamejazwa na nani? Sehemu kubwa ni mahabusu wanaosubiri ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika". Mwekezaji ndiye atakayeukamilisha? Arizona iliwahi kusaini mikataba ya kuihakikishia kampuni vitanda vijae asilimia 100. Kikibaki kitupu, jimbo linalipa vilevile. Sasa serikali ikishafungwa na mkataba wa namna hiyo, halafu mtoto wa dada yako akaokotwa Igogo usiku kwa uzururaji, nani pale atakuwa na haraka ya kumtoa?