Kengele 50 na Spika za Nzuguni

Mwezi wa nane ukiingia, sisi wa Nzuguni masikio hayana mapumziko. Upepo wa baridi na vumbi hadi kwenye chai, hayo ndiyo Dodoma, tumeshazoea. Balaa ni spika za Nanenane. Banda hili kwaya, banda lile singeli, katikati mtangazaji wa mbolea anakaukiwa koo, "Karibu mkulima!", na mkulima mwenyewe bado yuko Kongwa anatafuta nauli.

Wenzetu wa Toronto, Kanada, kwenye viwanja vyao vya maonyesho wana mnara wa kengele tangu 1974. Kengele 50, kubwa kwa ndogo, na zote anazipiga mtu mmoja. Tena si kwa vidole. Anagonga vijiti kwa ngumi, miguu nayo inakanyaga pedali. Kengele haitikisiki; waya ndio unaovuta ulimi wake, ngoo! Yaani mtu anarusha ngumi mchana kweupe, na badala ya kupelekwa kituoni anapigiwa makofi. Kazi yangu hiyo kabisa.

Nikamwambia mama watoto, na sisi tujengewe.

"Za chuma?"

"Shaba, imechanganywa na bati."

"Shaba!" Alicheka mpaka kanga ikalegea. Na kweli, mtaa ambao mfuniko wa chemba haumalizi wiki, utundike shaba hewani? Wiki ya kwanza tungesikia wimbo mzima. Ya pili sauti nene zingepotea, maana wa vyuma chakavu wanaanza na zenye kilo. Nanenane ijayo imebaki moja, ile ya ting'ting', na mpigaji yuko juu bado anadai mshahara wa kengele 50.

Labda tuweke ringi za magari. Shuleni kwetu ilitundikwa moja kwenye mkwaju, ya lori, na ikigongwa aliisikia hata mtoro aliyejificha korongoni. Hakuna aliyewahi kuiba ile. Nani abebe ushahidi unaolia?

Jirani yangu baba Neema hataki kabisa habari za mnara. "Mtoto akipotea uwanjani, kengele itasema kavaa kaptula ya kijani?"

Kabla sijamjibu spika ikadakia: mwenye bodaboda nyekundu iliyoziba mlango wa banda la kuku, aje aitoe haraka, mgeni rasmi anataka kupita.

Baba Neema huyo, mbio, ndala moja kaiacha kwangu.