Dodoso atalijaza nani?
Nimesoma makala inayosema idara za dharura huhesabu saa za kusubiri na wagonjwa wanaorudi ndani ya siku 30, lakini hazimuulizi mzee dhaifu alikuja akitaka nini; mwandishi anataka aulizwe kwa dodoso fupi. Kweli tupu. Uingereza ina lengo lake la saa 4 (mgonjwa awe amelazwa au ameruhusiwa ndani ya muda huo) tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na saa ni rahisi kuhesabu. Ila mzee anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani ndani ya saa 3 na bado hajui kilichomwangusha, wala kama usiku ataweza kwenda chooni peke yake. Mimi ni muuguzi wa dharura, na ninayoyasikia zaidi ni haya: niambieni nina nini, maumivu yapungue, nirudi kwangu, nisiwalemee watoto. Kuongezewa miaka hutajwa mara chache mno. Napingana na mwandishi pale anaposema dodoso hilo linatosha. Aliyechanganyikiwa kwa homa hawezi kulijaza, asiyesikia vizuri anaitikia kila kitu, na binti akijibu kwa niaba yake anaeleza hofu zake yeye (mara nyingi anataka mzazi alazwe, mzazi mwenyewe anataka kwenda nyumbani). Tukiwaacha hao, tutawapima wenye afadhali tu, wa daraja la 4 au 5 katika kipimo cha udhaifu cha Rockwood chenye madaraja 9, na kuwakosa wa 7 na 8, walio dhaifu sana. Ningeuliza mara mbili, akifika na tena baada ya wiki akiwa kwake. Wenzangu mnaouguza wazazi, jibu la mzee wenu lilibaki lile lile?