JavaScript kwenye seva: mteja asipange bei

Wiki iliyopita, usiku, alinipigia simu mwenye duka la vipuri vya pikipiki Mwanza, sauti imemkauka. Betri tatu zimetoka dukani. Bei ya kila moja ni 85,000, lakini kwenye simu yake ya malipo imeingia 850 kwa kila betri. Mfumo umeandika "imelipwa", kijana wa stoo kafungasha, boda kapeleka. Kila mtu alifanya kazi yake kama alivyofundishwa, na duka likaibiwa mchana kweupe.

Kesho yake nilikaa na kijana aliyeujenga mfumo ule. Ni kijana makini, mfumo wote kauandika kwa lugha ya programu ya JavaScript, mbele (kwenye kivinjari cha mteja) na nyuma (kwenye seva, kompyuta ya duka inayopokea maombi), na msimbo wake unasomeka vizuri kuliko mwingi ninaoletewa.

"Kaka, bei imekaguliwa," aliniambia. "Tena mara mbili, kwenye kivinjari na kwenye seva."

"Inakaguliwa na nini?"

"Na fanksheni ileile. Iko kwenye folda ya pamoja, pande zote mbili zinaitumia."

Nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za ndani za kivinjari, nikaweka betri kwenye kikapu, nikabadilisha 85000 ikawa 850 kabla ombi halijaondoka, nikatuma. Fanksheni, yaani kile kipande cha msimbo cha ukaguzi, ilikuwa inauliza mambo mawili: hii ni namba? Ni kubwa kuliko sifuri? 850 ni namba, na ni kubwa kuliko sifuri. Ikapita kwenye kivinjari, ikapita na kwenye seva, na seva ikaomba malipo ya shilingi 850.

Niliposimulia kwa wenzangu wa kazi, jibu la kwanza nililopata ni kwamba ndiyo shida ya kuchukua lugha ya kivinjari na kuipeleka kwenye seva. Hapo nilikasirika mara ya pili, maana jibu hilo linaachia kosa lenyewe lipite.

Historia kwanza, kwa sababu imechoshwa kupotoshwa. Brendan Eich aliiunda lugha hii kwa siku 10 mwezi Mei 1995, na Netscape, kampuni ya kivinjari, wakaitangaza Desemba ya mwaka huo. Hawakukaa muda wakaiweka kwenye seva zao pia, kupitia mfumo wao wa LiveWire. Mwaka 1996 Microsoft nao wakaja na ASP, teknolojia ya kurasa za seva, ambayo ungeweza kuiandikia kwa JScript, JavaScript ya kwao. Kwa hiyo habari ya kwamba JavaScript ilivamia seva mwaka 2009, Ryan Dahl alipoileta Node.js, programu ya kuendeshea JavaScript kwenye seva, si kweli. Dahl aliichukua V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya kivinjari cha Chrome, akaichagua JavaScript kwa sababu haikuwa na mazoea ya kusimamisha kila kitu ikisubiri faili au mtandao. Na seva ya duka muda wake mwingi ni wa kusubiri: kanzidata ijibu, mtandao wa simu uthibitishe malipo, ujumbe uende. Kwa kazi hiyo Node inafaa, na sioni sababu ya kumwambia kijana aliyejifunza lugha moja kwa shida, kwenye kompyuta ya kuazima, kwamba aanze upya na Java, lugha nyingine kabisa, ndipo aruhusiwe kugusa seva.

Shida yangu ni hii ahadi ya "andika mara moja, tumia pande zote". Tumewauzia vijana kama faida kuu, na hatukuwaambia inapokomea.

Kivinjari ni mali ya mteja. Kila kinachoendeshwa mle anaweza kukisimamisha, kukisoma, kukiandika upya. Ukaguzi wa mle ndani ni huduma tu: unamwambia mtu amesahau tarakimu moja ya namba ya simu kabla hajapoteza muda. Seva ni mali ya mwenye duka, na swali lake ni jingine kabisa. Haiulizi kama fomu imejazwa vizuri. Inauliza: wewe ni nani, bidhaa hii kwenye daftari langu ni shilingi ngapi, na stoo ninazo? Kariakoo mteja anaweza kutaja bei anayoitaka, hata ya kuudhi, na hakuna ubaya, kwa sababu muuzaji anaisikia na anakataa. Duka letu la Mwanza lilimweka kauntani muuzaji asiye na orodha ya bei, kazi yake ni kuhakikisha mteja ametamka namba.

Ndiyo maana kuiendesha fanksheni moja mara mbili hakukuleta ukaguzi wa pili. Ni swali lilelile limeulizwa mara mbili, na lote lilikuwa swali la kivinjari.

Zamani tulipokuwa tunaandika PHP, lugha ya seva, nyuma na JavaScript mbele, ukivuka mpaka ulijua. Alama ya dola mwanzoni mwa kila jina la kigeu ilikukumbusha kwamba sasa uko ndani, na chochote kilichotoka nje unakipokea kwa mashaka. Nakubali, maana siwezi kukataa, kwamba kulikuwa na PHP chungu nzima iliyopokea bei kutoka kwenye fomu bila kuuliza. Nimezirekebisha kwa mikono yangu. Lakini kijana akikosea pale, ulimwonyesha mstari wenyewe na akauona. Huyu wa leo nilimwonyesha, na kwa dakika kadhaa hakuelewa ninachosema, kwa sababu kwake hapakuwa na nje wala ndani. Palikuwa na msimbo tu.

Na wakubwa nao wanaumia hapohapo. Machi 2025 lilitangazwa tundu la usalama la Next.js, fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) ya JavaScript, lililopewa namba CVE-2025-29927. Fremuweki hiyo ilikuwa inatumia heda (mstari wa maelezo unaosafiri na ombi) iitwayo x-middleware-subrequest kujikumbusha kwamba ombi hili limeshapitishwa, lisizungushwe tena. Ikaonekana kwamba mtu wa nje akiiandika heda hiyo mwenyewe, tabaka la kati (middleware), linalokagua ombi kabla halijafika ndani, linarukwa, na kama ukaguzi wako wa kuingia ulikuwa mle tu, basi ameshaingia. Neno la ndani lilitamkwa na mtu wa nje, likaaminiwa.

Mengine yanayosemwa dhidi ya Node nayapitisha haraka. Uzi mmoja, yaani Node huendesha msimbo wako jambo moja kwa wakati: kweli, ukitengeneza ripoti ya kurasa 300 ndani ya ombi, wateja wote wanasimama, kwa hiyo ipeleke kwenye foleni. Namba: kweli, ukipita 9007199254740991 JavaScript haiaminiki na namba nzima za kawaida, kwa hiyo kumbukumbu ndefu za miamala zihifadhiwe kama maandishi. Vifurushi, yaani misimbo ya watu wengine tunayoitegemea: kweli tupu, na Machi 2016 kifurushi cha left-pad, mistari 11 tu, kiliondolewa kwenye npm, ghala la vifurushi hivyo, na miradi ya watu duniani ikagoma kujengwa. Ongeza na bando linaloliwa na node_modules, folda vinakoshushwa vifurushi, kila ukianza mradi mpya. Hilo linaniuma, ila halikuiba betri.

Ninachowaomba wanaofundisha, na wengi mnanisoma: siku ya kwanza ya seva, kabla ya kuonyesha namna ya kupokea ombi, mwambieni mwanafunzi afungue F12 kwenye fomu aliyoijenga mwenyewe na aidanganye seva yake. Abadilishe bei, abadilishe namba ya mtumiaji aone oda za mtu mwingine. Aone kwa macho yake. Folda ya pamoja muiache, inafaa kwa mpangilio wa namba ya simu au majina ya mikoa. Bei na ruhusa zisikae mle.

Yule kijana alirekebisha kwa saa mbili. Sasa kivinjari kinatuma namba ya bidhaa na idadi, basi. Jumla inapigwa na seva kutoka kwenye kanzidata, na idadi lazima iwe namba nzima iliyo kubwa kuliko sifuri, maana nilipojaribu kuagiza betri hasi moja nayo ilipunguza jumla ya kikapu. Alipomaliza alikaa kimya, kisha akaniuliza kama afungue tena mifumo mingine miwili aliyowakabidhi watu mwaka jana.

Tunaifungua Jumamosi.