Saa 4,000 za CNA hazifuti F

Kuna ushauri usiokufa kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo na Wakenya walioko Marekani, na CASPA, mfumo wa mtandaoni wa kuombea shule za PA, ikikaribia kufunguliwa mwishoni mwa Aprili ndipo unapopamba moto: piga kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) miaka miwili, fikisha saa 4,000, shule ya PA (physician assistant, mtabibu anayeshirikiana na daktari) utaingia tu. Utaingia wapi? Anayeambiwa hivyo ni mtu anayekesha zamu za usiku akigeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili, akiamini anajenga faili lake.

Saa si tatizo letu. Zamu tatu za saa 12 kwa wiki ni saa 36, na kwa mwaka zinafika 1,872. Shule nyingi zinazotaja kiwango cha chini huishia 1,000 au 2,000. Kinachotuangusha ni transkripti, rekodi ya alama za chuo, na hiyo hakuna anayetaka kuizungumzia.

Chukua mtu mwenye krediti 120 na GPA, yaani wastani wa alama ambapo A ni 4 na F ni sifuri, ya 2.8. Programu nyingi zinaanzia 3.0. Akipata A tupu, anahitaji krediti 24 kufika hapo, yaani masomo sita ya krediti nne nne. Akipata B+ tupu, ambayo CASPA huihesabu 3.3, anahitaji krediti 80. Ndiyo, themanini. Akipata B tupu hafiki mpaka Kiama, kwa sababu B yenyewe ni 3.0. Halafu mtu huyohuyo anaambiwa aongeze zamu za wikiendi!

Na usijidanganye na kurudia somo. Ulipata F ya anatomia, ukarudia ukapata A, chuo chako kikaifuta ile F. Kwa CASPA msamaha huo haupo: inahesabu zote mbili, sifuri na nne, unabaki na 2.0.

Kwa hiyo anza hapa, kabla hujalipia darasa lolote. Omba transkripti ya kila chuo ulichopita, hata ile komyuniti koleji uliyosoma somo moja ukatoroka. Panga kila somo kwenye jedwali: krediti, alama, mwaka. Krediti za kota, yaani za vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya muhula, zidisha kwa 0.667. Piga wastani mara mbili, wa masomo yote na wa sayansi peke yake, maana wa pili ndio huwa mbovu. Kisha tazama miaka: kuna shule zinazokataa fiziolojia au mikrobiolojia iliyozidi miaka mitano, nyingine saba, nyingine kumi. Maabara ya mtandaoni nayo ulizia mapema.

Jambo dogo linalokwamisha watu wetu hasa ni majina. Transkripti inasoma jina lako na la baba, grini kadi imelifanya la babu kuwa la ukoo, fomu umejaza mengine. Jaza majina yote ya zamani kwenye sehemu yake, na transkripti itoke kwa msajili wa chuo moja kwa moja. Ukiipakia mwenyewe, haihesabiki kuwa rasmi. Fomu ikirudishwa kwako kwa kosa la namna hii, wiki zinayeyuka huku shule zinazodahili kadiri maombi yanavyoingia zikijaza viti.

Sasa matabibu wetu. Programu ya kwanza ya PA ilianzishwa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, ikachukua vijana waliohudumia wagonjwa jeshini, katika jeshi la majini, kwa sababu mikono yao ilikwisha kuzoea kazi. Leo clinical officer aliyeendesha zahanati miaka kumi bila daktari haruhusiwi kugusa PANCE, mtihani wa kupata leseni ya PA, mpaka ahitimu programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, chombo cha ithibati ya shule hizi, na kabla ya hapo shule nyingi humtaka arudie masomo ya msingi katika chuo cha Marekani, takwimu zikiwemo. Haya, nakubali shingo upande kwamba leseni lazima iwe na mlango mmoja. Lakini kumwambia mtu huyo kwamba kwanza akatafute uzoefu wa mgonjwa ni kejeli. Saa za kazi ulizofanya kule Bongo au Kenya baadhi ya shule huzipokea, mradi msimamizi apatikane kwa simu au barua pepe.

Insha ni herufi 5,000 pamoja na nafasi, haitaokoa GPA ya 2.6. Barua za wadhamini ziombe mapema. Kumpikia mzee uji na kumsindikiza kanisani ni kazi ya heshima, ila wengi hawaihesabu kuwa huduma ya mgonjwa, kwa hiyo usiiandike hivyo.

Tarehe ya mwisho nayo isome vizuri: shule nyingine inataka fomu iwe imetumwa siku hiyo, nyingine inataka iwe imekwisha kuhakikiwa. Ukiwa na shaka, waandikie udahili barua pepe na uhifadhi jibu lao. Ukipiga simu, aliyekujibu Mei huenda Septemba hayupo, na aliyekaa kwenye kiti chake hana habari na ulichoahidiwa.