Mwanaharamu Yumo Ndani ya Kombe

Stima zilipotea saa nne usiku, nikashika tochi kwenda kutazama kama pampu ya betri imejiwasha. Mwanga ukampiga kombe wangu ubavuni, nikadhani kuna mtu kamwaga mchele ndani ya tangi. Punje saba au nane, nyeupe, zimejipanga kwenye ukingo wa gamba, pale nyama inapotokezea. Nikasogeza uso hadi kiooni. Punje moja ikatembea.

Kombe ninayemsema ni yule chaza mkubwa wa matumbawe, mwenye gamba la mawimbi na nyama ya buluu yenye madoa kama leso mpya. Wataalamu humwita Tridacna maxima. Jamaa zake wako hapa hapa Malindi, wamejikita kwenye nyufa za miamba ya hifadhi yetu ya bahari, ambayo imelindwa tangu 1968, na huko mtu haruhusiwi kuokota hata gamba tupu. Wangu hakutoka huko. Alikuzwa shambani ng'ambo, akaja kwa ndege na karatasi zake za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, nikamnunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa kwa pesa ambazo nyumbani sijazitaja mpaka leo. (Mama alipomwona aliuliza kama hatumpiki kwa nazi.) Tangi lenyewe si langu, ni la hoteli ndogo ninakofanya kazi, lakini uchungu ni wangu.

Usiku ule alikuwa na wiki tatu za kuumwa. Kombe mzima ana vijicho mamia kwenye ukingo wa nyama yake. Pitisha mkono juu ya maji, kivuli tu, anajikunja papo hapo. Wangu alikuwa anachelewa. Unapitisha mkono, unahesabu moja, mbili, ndipo anajivuta kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Ilikuwa masika, mto Sabaki umeshusha tope lake na bahari mbele ya mji imekuwa rangi ya chai ya maziwa, basi nikalaumu tope. Nikabadilisha maji. Nikalaumu taa, kwa kuwa kombe ana mwani mdogo mno ndani ya nyama unaomlisha kwa nguvu za mwanga, nikaishusha taa. Nikalaumu chumvi. Nililaumu kila kitu isipokuwa jioni ile niliyomtoa kwenye mfuko aliosafiria na kumtia tangini moja kwa moja, kwa sababu wageni walikuwa wanafika kesho yake na meneja alitaka kitu cha kupendeza pale mapokezi.

Zile punje ni konokono wa ukoo wa Pyramidellidae. Hawana ulimi wa kukwangua kama konokono wengine. Wana mrija wenye sindano. Mchana wanajificha chini ya kombe, karibu na tundu anapotolea nyuzi zake za kujishikiza mwambani, au wanajizika kwenye changarawe. Giza likiingia wanapanda mpaka ukingoni, wanachoma, wanafyonza. Wachache hawamtishi kombe mkubwa, lakini kombe mdogo humalizika, na hao wachache hawabaki wachache. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, na mayai wanayabandika kwenye mikunjo ya gamba ndani ya ute mwangavu ambao ukiutazama haraka utasema ni mate.

Basi ushauri ukamiminika. Wa kwanza aliniambia nitie mrututu kidogo. Ndugu zangu, mrututu ni shaba, na shaba haichagui: itaua konokono, itaua kombe, itaua matumbawe na kamba, kisha itajificha ndani ya mawe ya tangi na kukusumbua kwa muda mrefu. Mwingine akasema ninunue yule samaki mdogo wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, awale. Huyu kweli hula konokono wadogo, simsingizii. Ila yeye hulala usiku, saa zile zile wao wanapanda mezani. Anapunguza, hamalizi. Na akishazoea tangi anakuwa mbabe, kila samaki mgeni anafukuzwa pembeni. Kumnunua samaki ili afanye kazi ya macho yako mwenyewe naona ni uvivu, hata kama wauzaji wanauita uasilia.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani, mtu aliyepiga pweza miambani maisha yake yote. Nilimpelekea punje tatu kwenye kifuniko cha chupa. Akazigeuza kwa ukucha. "Mwanangu, mwambani vitu vya namna hii havikosi. Lakini huko vina wa kuvila. Wewe umeleta mwizi, askari umemwacha baharini."

Na hapo ndipo hata neno "amekuzwa shambani" linapodanganya. Shambani makombe hupangwa wamebanana, walaji wa konokono hawapo, na konokono mmoja akiingia amepata kijiji kizima. Karatasi za mkataba zinakuambia kombe hakuibwa baharini. Hazikuambii amebeba nini chini ya gamba.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni mswaki. Ndiyo, wa meno, laini, mpya. Unamtoa kombe taratibu. Akiwa ameshika jiwe usimng'oe kwa nguvu, kwa sababu nyuzi zile zimeunganika na mwili na ukizivuta unampasua ndani. Zikate kwa wembe kwenye jiwe lenyewe, ama mtoe na jiwe lake. Kisha unasugua gamba lote, kila mkunjo, juu mpaka chini, hasa lile tundu la chini, ila huko kwa mkono mwepesi. Dakika chache nje ya maji si kitu kwake. Miambani maji yakitoka sana wenzake huachwa juani. Suuza kwenye beseni la maji ya bahari, maji hayo yamwage mbali na tangi. Nilifanya hivyo kila Jumanne na Ijumaa kwa wiki sita, na usiku nikipita na tochi na kibano. Wiki ya kwanza nilitoa 43. Wiki ya nne, wawili. Wiki ya sita nilimpitishia mkono, akajikunja kabla sijahesabu moja.

Kombe wa pili sikumwahi. Huyo hakuliwa na punje za mchele bali na konokono wa jamii ya Cymatium, ambaye huingia akiwa mdogo kupitia lile tundu la chini au katikati ya magamba mawili, akamla mwenyeji wake kutokea ndani. Kwa nje huoni kitu. Jioni kombe yuko sawa, baada ya siku chache amepanuka mdomo hajifungi tena. Nilipomwinua nilimkuta mgeni amekaa ndani, gamba lina manyoya, mnene kama ncha ya kidole gumba changu. Pembeni palikuwa na minyoo ya miiba inakula mabaki, na meneja akataka tuiangamize yote. Nikakataa. Fisi hukutwa penye mzoga, haina maana ndiye aliyeua. Ile minyoo, mingi yake, ni wafagiaji wa tangi.

Nikampigia simu muuzaji. Sikutaka pesa, nilitaka kujua tu. Akacheka: "Ndugu yangu, hao mbona kawaida? Karibu kila mzigo unakuja nao." Alikuwa anajua! Na wateja wake wanajua, maana nilipoanza kuuliza, wafugaji watatu wa hapa pwani walikiri kwamba wamewahi kuwaona, wakanyamaza. Mmoja aliona aibu kusema tangi lake lina wadudu. Mwingine alishamuuza kombe wake mgonjwa kwa mtu wa Kilifi.

Tuna methali yetu, funika kombe mwanaharamu apite, na najua ina mahali pake kwenye mambo ya watu na majirani. Kwenye tangi inaua. Hapa mwanaharamu hapiti njia, yumo ndani, na kila tunapofunika tunampa giza analolipenda. Muuzaji aseme kilichomo kwenye mzigo. Mnunuzi amgeuze kombe mbele yake kabla ya kutoa pesa, atazame chini, na akichekwa achekwe. Halafu beseni la pembeni, lenye pampu yake na taa yake, lisilo na changarawe wala mawe ya kujificha. Karantini ya watu mwaka 2020 ilikuwa siku 14; kombe hazimtoshi, kwa sababu mayai yaliyokuponyoka leo utayaona yakitembea baadaye.

Nina kombe mpya sasa, yuko nyuma ya jikoni kwenye beseni la plastiki, na wapishi wameambiwa si wa nazi. Leo ni siku ya 31. Juzi meneja alikuja akasimama juu yake, akasifu rangi, akauliza kama Jumamosi atakuwa mapokezi, kuna Waitaliano wanafika. Nilikuwa nimemshika kombe mkononi, nimemgeuza, na kwenye mkunjo wa tatu kutoka chini kulikuwa na ute kidogo, mwangavu kama mate.

Nikamwambia bado, bosi.