Usiitupe hiyo pakiti kwanza

Usiku mmoja nilizivunja sigara 11 zilizokuwa zimebaki kwenye pakiti, moja baada ya nyingine, nikazifukia kwenye ndoo ya taka chini ya machicha ya kahawa. Nikaenda kulala najiona shujaa. Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya ndoo ileile, napekua. Nilipata kipande kimoja cha urefu wa nusu kidole, kimelowa upande mmoja. Nikakikausha juu ya kifuniko cha birika, nikakiwasha, nikakivuta hivyohivyo na ladha yake ya kahawa.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ila sikubaliani na maelezo yanayofuata baada ya kicheko, kwamba "hukuwa na nia". Nia nilikuwa nayo, tena ya kutosha kuwagawia majirani. Kila mvutaji ana nia nzuri sana saa nne usiku, akishavuta ya mwisho na kifua kimeshiba moshi. Shughuli iko asubuhi. Nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo aliyelala kwa muda wa saa saba au nane anaamka nikotini yake karibu imekwisha, na arosto inamsubiri pembeni ya kitanda. Yule aliyeapa usiku siye anayeamka.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Sweden, Karl-Olov Fagerström, alitunga maswali ya kupima uraibu wa sigara. Katika toleo linalotumika siku hizi, moja ya maswali yenye uzito mkubwa ni hili: ukishaamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha sigara ya kwanza? Ukijibu ndani ya dakika 5 unapata alama 3 kati ya 10 papo hapo. Mimi nilikuwa ndani ya hizo 5, na hapo nimehesabu na muda wa kutafuta ndara.

Kwa hiyo rai yangu, ambayo baadhi ya waliokwishaacha hawaipendi: ukiamua leo kuacha sigara, usiache leo. Endelea kuvuta. Panga siku, isizidi wiki mbili kutoka sasa, na mpaka siku hiyo ifike kazi yako iwe moja tu, kujichunguza.

Nilipojaribu kwa mara ya nne nilichukua karatasi, nikaikunja mara nne, nikaifunga kwenye pakiti kwa mpira. Kila kabla ya kuwasha naandika saa, nafanya nini, na hamu ni ya ngapi kuanzia 1 hadi 5. Siku ya kwanza nilisahau nusu yake. Siku ya pili nikajikuta nimewasha ya pili na ya kwanza inateketea yenyewe kwenye kisahani cha majivu, tena sikumbuki niliiwasha saa ngapi. Mpaka wiki inakwisha, kati ya 17 za kila siku, zilizostahili 4 au 5 hazikuzidi 6. Nyingine zilikuwa zinajivuta zenyewe: nasubiri mtu, mwenzangu kawasha, kazi imeisha, kazi inaanza.

Halafu kulikuwa na moja ambayo sikuitegemea. Kila jioni niliyozungumza na kaka yangu kwa simu, mstari uliofuata kwenye karatasi ulikuwa sigara, hamu 5. Tuna mambo yetu mimi na kaka, ya mali ya wazee, na hayatakwisha leo. Sigara ile haikuwa ya nikotini hata kidogo. Ilikuwa ya kaka. Nilikuwa nimeshajaribu kuacha mara tatu bila kujua hilo, na sasa nikikumbuka, mara mbili kati ya hizo nilirudi kuvuta baada ya simu yake. Hakuna dawa wala kiapo ambacho kingenionyesha. Ilihitaji karatasi chafu iliyofungwa kwa mpira.

Wengi hudhani kujiandaa maana yake ni kupunguza: leo 15, kesho 12, keshokutwa 10. Nilishafanya, nikafika 6, na hizo 6 nilizivuta mpaka vidole vikaungua. Mwili una hesabu yake. Ukiupa sigara chache unavuta pafu ndefu zaidi na kuubana moshi ndani. Utafiti mmoja wa Uingereza uliotoka mwaka 2016, wenye wavutaji karibu 700, uliwalinganisha waliopunguza kidogokidogo kwa wiki mbili na walioendelea kuvuta kama kawaida kisha wakakata siku moja. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya waliokata ghafla walikuwa bado hawajavuta; waliopunguza, asilimia 39. Ndiyo maana nasema vuta kama kawaida, ila vuta macho wazi.

Siku yenyewe iwe siku isiyo na maana. Si mwaka mpya, si siku yako ya kuzaliwa, na hata tarehe 31 Mei, siku ya dunia ya kupinga tumbaku, naiachia mabango. Siku kubwa zina wageni na mishughuliko, na sigara inapenda sana vyote viwili. Mimi nilichagua Jumatano.

Muda huo kabla ya siku una faida nyingine: unakupa nafasi ya kumwona daktari au mfamasia. Kuna dawa, kama varenikilini, ambayo kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, kwa hiyo aliyeacha ghafla usiku wa jana ameshaikosa nafasi hiyo. Kuna vibandiko vya nikotini na kuna chingamu. Hizo chingamu nilizidharau miaka mingi kwa sababu ya ujinga wangu mwenyewe: nilizitafuna kama mtoto aliyetoka shule, nikapata kwikwi na kiungulia, nikatangaza hazifanyi kazi. Kumbe unatafuna taratibu mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha unaiegesha kati ya ufizi na shavu, unatulia, ukali ukiisha unatafuna tena. Na usinywe kahawa robo saa kabla yake, kwa sababu kinywa chenye uchachu hakiinyonyi vizuri.

Najua kuna wanaosema huko ni kutoka uraibu huu kwenda ule. Sikubali. Nikotini ndiyo mnyororo, lakini kinachoua zaidi ni moshi, lami yake na hewa ya kaboni monoksaidi. Mtu anayevuka mto hatukanwi kwa kushika kamba.

Tukiwa bado kwenye kahawa, hili laiti ningeambiwa mapema. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja kafeini. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vyako vilevile vinne vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi unaruka, moyo unadunda, na wewe unasema, "Jamani, kuacha sigara kutaniua." Sehemu ya hayo ni kahawa tu. Ipunguze kwa nusu kuanzia siku ile ile.

Kuhusu kuwaambia watu, mimi si muumini wa kutangaza. Ukiwatangazia watu 50, wanakupongeza 50, na pongezi ina utamu wa kazi iliyokwisha. Nilimwambia mmoja kazini, yule ambaye kwa kawaida ndiye niliyekuwa namwomba.

"Kuanzia Jumatano nikikuomba usinipe. Hata nikikutukana."

"Kwani utanitukana kweli?"

"Nitakutukana."

"Haya, yalete. Mimi nimeoa, matusi nimeyazoea."

Mke wangu nilimwomba radhi mapema, kwa maneno, kwamba siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote na kwamba hasira zile zitaweza kukaa wiki mbili hadi nne. Alikwenda kwenye kalenda akazizungushia duara. Hakusema kitu.

Kwa anayejiona amechelewa, nina jibu fupi. Mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, kuanzia 1951. Waliokuwa wameacha wakiwa na umri wa miaka 60 walijiongezea takriban miaka 3 ya kuishi. Wa 50, miaka 6. Wa 40, miaka 9.

Jumanne usiku ndipo nilipoitupa pakiti, na safari hii nilizimwagia maji kwanza, maana najijua. Nikakusanya na viberiti vya gesi: vilikuwa 9, kimoja kwenye koti ambalo sijalivaa miaka miwili. Visahani vya majivu nikaviosha nikavitoa nje. Ile karatasi niliibakiza, nikaibandika mlangoni pa kabati, na mbele ya kila sigara ya hamu 4 na 5 nilikuwa nimeandika kitu kingine cha kufanya kwa dakika 5, kwa kuwa wimbi la hamu huwa halizidi hapo sana. Mbele ya ile ya asubuhi: kuoga kwanza, jikoni baadaye. Mbele ya ile ya kaka: tembea.

Alipiga simu siku ya nne, jioni. Niliiacha iite, nikavaa viatu, nikafunga kamba zote mbili, ndipo nikapokea.