Mama mkwe alivuka, mimi nikabaki na mkoba

Mke wangu alinipa agizo moja tu: "Mama mpitishe darajani, amechoka na safari." Daraja lipo tangu 2016, unavuka umekaa kwenye gari. Lakini mimi mzaliwa wa Kigamboni, mgeni kutoka Moshi nimwingize kwetu kwa mlango wa uani? Nikampeleka Feri.

Kwenye banda la kusubiria pantoni nikamwaga sifa. "Mama, tazama maji yalivyotulia. Ile meli inaingia taratibu kama bibi harusi. Huku kwetu hakuna kukimbizana, pantoni ikija imekuja." Akaitikia, "Eeh, mkwe," jicho liko getini. Kushoto nimeshika mkoba wake, kulia nina changu wa kukaanga kwenye gazeti, ndimu na pilipili juu. Nikaunyoosha mkono wa kulia kumwonyesha minazi ya ng'ambo.

Kunguru wa Dar (asili yao India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na hakuna aliyewafafanulia takataka ni zipi) haonyeshwi kitu mara mbili. Alishuka toka kwenye paa akadaka kichwa cha changu, mimi nikang'ang'ania mkia. Tukavutana. Naapa alinikazia macho. Nikabaki na mkia, gazeti, na pilipili ndani ya jicho.

Geti likafunguliwa. Watu wa pwani wasio na haraka waone hapo! Baiskeli, bodaboda, mabeseni ya samaki, wote mbio. Nilipofumbua jicho, geti limeshafungwa, na kile kitenge cha kijani cha mama mkwe nakiona juu ya pantoni, kinaelekea Kigamboni. Ndani ya mkoba simu yake ikaanza kuita. Mke wangu. Sikupokea.

Upepo ni uleule, maji ni yaleyale, lakini siku hiyo niliyachukia. Pantoni ilirudi kama bibi harusi kweli, hatua moja, inasimama.

Nilivuka nikikariri maneno ya kuomba radhi. Nikamkuta kwenye benchi la muuza madafu, kavua viatu, dafu mkononi, anacheka na kina mama utadhani wamekua pamoja.

"Mama, nisamehe sana. Twende, bajaji hii hapa."

"Kaa kwanza, mkwe," akanisogezea benchi. "Si ulisema huku hakuna kukimbizana?"

Kisha akautazama mkono wangu wa kulia. "Na yule samaki?"